Sikio Lililofungiwa Kabatini

Nakumbuka siku moja, Jumamosi jioni, nyumbani kwetu upande wa Kajiado, babu alisimama mbele ya boma kutubariki na mimi nikaitikia "Naai" pamoja na watu. Pamoja nao, mwanangu, si baada yao. Kwako pengine hilo si kitu. Lakini kwetu Wamaasai mzee akibariki, kila anapofika mwisho wa maneno watu wote huitikia kwa mara moja, na mtoto anayeitikia peke yake nyuma ya wengine anaonekana mjinga. Mimi homa ya uti wa mgongo ilinichukulia masikio nikiwa bado na meno ya utoto. Kila baraka nilikuwa naangalia mdomo wa ndugu yangu Joseph. Ukifunguka, nafungua wangu. Na nilichelewa kila mara, watoto wakashika matumbo wakicheka.

Ile Jumamosi sikuangalia mdomo wa mtu. Nilikuwa na kisanduku kifuani.

Nilikipata jana yake, Ijumaa, kwa shule. Ilikuwa shule ya kawaida iliyokuwa na darasa moja la watoto viziwi. Jina lake naliacha, walimu walioko huko leo hawajanikosea. Walikuja wageni na daktari wao, wakatupima, wakatuvalisha. Siku hizo havikuwa hivi vidude vidogo vya kukaa nyuma ya sikio. Kilikuwa kisanduku kama pakiti ya sigara, kinafungwa kifuani na mikanda, waya unapanda mpaka sikioni, na ndani kinakula betri kama za redio. Daktari akageuza kitufe. Kitu cha kwanza nilichosikia ni changarawe chini ya viatu vyangu mwenyewe. Nilizunguka ule uwanja nikikanyaga, nikikanyaga, mpaka wageni wakanipiga picha.

Nyumbani mama aliniita akiwa nyuma yangu, huko kwa zizi la mbuzi. Nikageuka kabla sijamwona. Alisimama na kibuyu cha maziwa mkononi, akaniita tena. Nikaitika. Akaniita tena, na tena, na hakuwa na kazi yoyote ya kunituma. Alikuwa ananiita tu.

Sasa niwataje waliohusika, maana nimenyamaza vya kutosha na wengi wao walinufaika na huko kunyamaza kwangu.

Wa kwanza ni baba yangu, Mzee Saruni. Jumapili jioni alitaka kusikia habari na redio yake ilikuwa imekufa. Nilikuwa nje naoga. Akafungua kisanduku changu, akatoa betri, akazitia kwa redio, na zile zake zilizokufa akaziweka kwangu. Hakuniambia kitu. Jumatatu nikaamka dunia imenyamaza, nikajua nimekiharibu kwa kuoga karibu nacho. Njia yote ya kwenda shule nililia.

Wa pili ni Mwalimu Zakaria, aliyekuwa mkuu wa shule. Alitupanga mstari tulio na visanduku. Akaongea nyuma yangu, akaona sigeuki, akakitoa kifuani kwangu akakitikisa karibu na sikio lake kama mtu anayeangalia yai. Kufungua kifuniko cha betri hakufungua. Akawainulia walimu wengine waone, na ninamkumbuka mdomo wake vizuri, kwa sababu neno lile alilirudia hata mimi nikalishika: "Vitaharibika." Akakusanya vyote. Akavifungia kwa kabati la vioo ofisini, kando ya kikombe cha netiboli, na ufunguo akautia kwa mfuko wa koti.

Hakuviiba. Hakuviuza. Angeuza ingekuwa rahisi kwangu kumchukia na kumaliza. Alivitunza. Kila Ijumaa vilipanguswa vumbi, na mimi nilikuwa napita nje ya dirisha nikiona sikio langu linapanguswa.

Wageni wakija tulivalishwa. Betri zilikuwa zimeoza zamani, lakini Mwalimu Zakaria alitufundisha: mgeni akichezesha mdomo, wewe tabasamu na utingishe kichwa. Tulikuwa hodari. Nilitingisha kichwa kwa mambo ambayo mpaka leo sijui nilikubali nini. Wageni waliondoka wakifurahi, visanduku vikarudi kabatini. Nikaacha shule darasa la sita na kutingisha kichwa ndiyo elimu niliyotoka nayo.

Nikiwa mtoto, upweke haukuniuma sana, na sababu yake ni ndogo. Kwetu mtoto hasalimiwi kwa maneno. Anainamisha kichwa, mzee anaweka mkono juu yake, imekwisha. Hiyo salamu niliisikia kama mtu yeyote. Lakini nilipokuwa kijana mikono iliondoka kichwani. Wanaume husalimiana kwa habari, na habari ni ndefu: ng'ombe, mvua, wagonjwa, safari. Nilisimama katikati ya watu nikiangalia midomo. Nikimvuta Joseph shati nimuulize wanasema nini, ananijibu, "Nitakuambia baadaye." Huyo ndiye wa tatu kwa orodha yangu. Alisema hivyo harusini, alisema hivyo siku ya kugawa shamba, alisema hivyo mama akiwa kitandani anaongea maneno yake ya mwisho. Hiyo baadaye yake bado naingoja. Kitu kimoja tu alichonieleza ni ile habari ya betri, tukiwa tumeshakuwa wanaume wazima, na aliieleza akicheka.

Siku hizi naishi Kitengela. Nasuka waya wa fensi kando ya barabara. Watu wananunua ploti, kila mtu anataka kujizungushia, kwa hivyo kazi iko. Wateja hunionyesha kwa vidole urefu wanaotaka. Niko na simu ambayo mtu akiongea inaandika maneno, na ukiisogeza karibu na mdomo wake inajitahidi. Kuna wakati nilipimwa nikavalishwa kifaa cha kisasa, kizuri kabisa. Kelele zilikuja. Maneno hayakuja. Yule dada wa kupima aliniandikia pole pole kwamba sikio likikaa miaka mingi bila maneno, kichwa nacho husahau kuyatambua, na kwa mtoto hiyo miaka hukimbia zaidi. Nilikunja ile karatasi nikarudi kwa waya wangu.

Mwaka huu nilipata kazi ya fensi Kona Baridi, huko juu kwenye upepo. Kijana aliyeniita alinipeleka nyuma ya nyumba kupima mpaka, na hapo kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini, nikamkuta Mwalimu Zakaria. Kijana ni mtoto wake. Mzee amekwisha, lakini mdomo ni ule ule.

Siku hiyo kulikuwa na watu wengi, jamaa wamekuja kumsalimia. Walikaa kivulini wanakula na kucheka. Yeye alikuwa kando. Mtu akipita akimwambia kitu, anatabasamu na kutingisha kichwa. Niliangalia kile kichwa, mwanangu. Nilikijua. Kilikuwa kinatingika vile alivyotufundisha.

Nikamuuliza kijana kwa ishara, nikigusa sikio. Akaongea kwa simu yangu, upepo ukala nusu ya maneno, lakini nilisoma: watoto wamemnunulia mzee vifaa vya masikio, hataki kuvaa. Nikaenda kwa yule mzee. Nikaonyesha sikio langu, halafu lake. Akaingiza mkono mfuko wa koti, akatoa kitambaa, akakifungua. Vilikuwa ndani, viwili, vipya kama siku ya kununuliwa. Akaniangalia, akaonyesha vumbi linavyoruka, na mdomo wake ukasema lile neno. Vitaharibika. Akavikunja tena.

Hakunitambua. Ungedhani nilifurahi. Mimi pia nilidhani ningefurahi. Nilivuta jiwe nikakaa karibu naye, wazee wawili, hakuna anayetuongelesha, na sisi wenyewe hatuwezi kusikizana. Sikumsamehe na sitasema nilimsamehe. Lakini niliona kwamba yeye mwenyewe hakuna kitu alichojifunza zaidi ya kufungia, na hata sasa anajifungia yeye.

Jioni hiyo niliporudi Kitengela sikuingia kwangu. Nilienda kwa jirani, Mama Sharleen, tunakaa ploti moja. Ni mtu wa Kakamega, anafanya kazi ya ofisi, mama mzuri asiye na kelele na mtu. Binti yake Sharleen hasikii vizuri tangu azaliwe. Maneno mengi yamempita huyo mtoto, anasema nusu nusu. Vifaa vyake anavyo. Vinakaa kwa kabati la sebuleni, ndani ya kikombe cha chai, juu yake kitambaa cha kufuma. Huvaa Jumapili kanisani.

Nilisogeza simu. "Mama Sharleen, zile masikio zinafanya nini kabatini?"

"Mzee, leo umekuja na vita?" Alicheka kidogo, akaona sicheki. "Huyu mtoto anaruka kama mbuzi. Akiangusha hizo vitu kwa mtaro mimi nitatoa wapi zingine? Hata mwalimu wake alisema niache nyumbani, hataki lawama."

"Na atavaa lini?"

"Akikua kidogo. Akipata akili ya kutunza."

"Mimi pia nilikua," nikamwambia.

Akaangalia mlangoni. Sharleen alikuwa pale nje karibu na kamba ya nguo, ametupa mgongo, anapanga vifuniko vya soda.

"Muite," nikasema.

Nikaona shingo yake ikikazana. Simu ikaandika Sharleen. Mtoto hakugeuka. Ikaandika tena Sharleen. Mtoto akaendelea na vifuniko vyake.

"Ananipuuza tu huyu," akasema, na hapo hapo akafunika mdomo kwa kiganja, kwa sababu alijua si kweli.

Nikamwambia ile habari ya zizi la mbuzi. Kwamba sauti ya mama yangu niliisikia kutoka Ijumaa mpaka Jumapili, halafu basi, na mama ameshakufa. Kwamba sikio langu halikufungiwa na mtu mbaya. Lilifungiwa na mwalimu mwangalifu kama yeye. "Na wewe umempa Jumapili peke yake," nikasema. "Hata mimi nilimshinda, nilipata siku tatu mfululizo."

Najua nilikuwa mkali. Aliinuka akaondoka, nikadhani amekasirika na mimi, na nikajiambia acha akasirike. Alirudi na kikombe.

Kuhusu kuanguka kwa mtaro alikuwa na haki, sikatai. Kwa hivyo nilichukua kamba nyembamba ya viatu, nikafunga ncha moja kwa vile vifaa, ncha nyingine kwa pini ya kushika kola ya sweta. Vikichomoka vinabaki vimening'inia mgongoni kwake, havifiki chini. Kesho yake Mama Sharleen alienda na mtoto mpaka mlangoni mwa darasa akamwambia mwalimu wake, lawama ni yangu, viache masikioni. Bado jioni anavitoa haraka na kuvirudisha kikombeni. Bado anaogopa. Lakini asubuhi vinatoka.

Wiki iliyopita Sharleen alikuja akasimama karibu na mimi nikisuka. Akainua kidole kwa koleo yangu.

"Waya yako inalia," akasema. Niliisoma kwa mdomo wake.

"Inalia aje?"

Akakunja uso, akabana meno, akanionyesha kwa mdomo: krii, krii. Akacheka. Miaka yote hii nimesuka huo waya, na mtoto ndiye wa kwanza kuniambia sauti yake.

Basi sikiliza, mwanangu, wewe unayesoma hii na kuna kifaa umepewa. Kama ni cha sikio, kama ni kiti cha magurudumu, kama ni fimbo nyeupe, kama ni mashine ya kuandika nukta za vipofu, kama ni simu ya kukusomea. Kivae. Kitumie mpaka kichubuke. Kiingie vumbi la Kitengela, kilowe jasho, kipigwe na mpira. Kifaa kilichoisha kwa kutumika kimefanya kazi yake, na kile kilichobaki kipya kimekuibia. Wakikuambia unakingoja ukue, waambie kukua hakungoji. Jifunze kufungua mahali pa betri wewe mwenyewe, na betri zako usimwachie mtu wa redio hata akiwa baba yako. Wakikufundisha kutingisha kichwa mbele ya wageni, kataa. Sema sijasikia. Sema tena sijasikia, mpaka wachoke. Na mtu akikuambia nitakuambia baadaye, mshike shati usimwachilie.

Na wewe mzazi, wewe mwalimu uliye na ufunguo mfukoni, sina maneno mengi na wewe. Fungua.

Sasa inamisha kichwa, mwanangu, niweke mkono wangu, una makovu ya waya lakini ni mkono wa mzee. Mungu akupe masikio ya kutosha siku zako. Akupe watu wa kukuita bila kazi ya kukutuma. Asikuache ukae kando ya watu wako ukiangalia midomo. Na hapa ninapofika mwisho itikia mwenyewe, kwa wakati wake, pamoja na wengine wote: Naai.