Uloto wa Mjukuu Niliyembagua

Binti yangu alipotaka kuolewa na kijana wa Kinyamwezi, dini haikuwa kikwazo. Kijana alikuwa Mwislamu, na msikitini nilimkuta mara nyingi ameshatangulia. Sababu yangu ilikuwa moja, na niliisema mbele ya wazee nyumbani kwangu Mtoni: damu yetu ya pwani ni moja, isichanganywe. Nilikuwa nimeshamchagulia mtoto wa kaka yangu. Siku ya ndoa nilijifanya naumwa mgongo, mdogo wangu akasimama kama walii mahali pangu. Nililala chumbani nikisikiliza dufu, mgongo hauniumi hata kidogo.

Hata utani niliukataa. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, na mtani hanuniwi. Mama yangu alipofariki, baba yake mkwe wangu alilala chini mbele ya jeneza, akasema halipiti mpaka apewe ubwabwa. Watu walicheka katikati ya kilio, kama desturi inavyotaka. Mimi nikamfukuza. Tangu siku hiyo alinisalimia kwa adabu tu, kama mtu anayesalimia ofisini.

Binti yangu na mumewe walijenga Goba, wakapata watoto watatu. Binti mkubwa na mvulana wa kati walifanana na mimi, paji la uso mpaka kidole gumba. Binti mdogo alitoka bibi yake wa Tabora mtupu, mwanya na miguu mirefu. Nilipowapelekea visheti, yeye nilimpa mwisho, vilivyovunjika.

Mvulana aligundulika na selimundu, ugonjwa wa damu, akiwa mchanga. Nikasema maradhi hayo ni ya huko bara. Kliniki wakaeleza kwamba mtoto huyapata kwa baba na mama, wote wawili. Nilikuwa na dada aliyekufa akiwa na miaka saba, viungo vimevimba, akilia usiku na mchana. Mama alisema amechukuliwa na mashetani. Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne. Nilijua, na sikusema.

Mvulana alipofika miaka tisa, madaktari walisema anaweza kupona kabisa akipandikizwa uloto, ile nyama laini ya ndani ya mfupa inayotengeneza damu, kutoka kwa mtu anayelingana naye. Asipopatikana mtu huyo, ataendelea na maumivu yanayomla kidogo kidogo. Nikakusanya wanaume wanane wa ukoo, kanzu safi, magari mawili ya Noah, tukaenda hospitali. Daktari alikuwa dada wa makamo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimekuletea damu ya pwani, chagua."

"Hawa ni ndugu zake wa tumbo moja?"

"Ni ukoo, daktari. Damu moja."

Alinivutia kiti. Akaeleza kwamba kuna vinasaba vinavyoufanya mwili umjue mwenyeji na mgeni. Visipolingana, kinga iliyotoka kwa mtoaji itamgeukia mtoto na kumshambulia. Aina zake hazihesabiki, na Afrika, ambako watu wameishi muda mrefu kuliko kwingine kote, ndiko zimetofautiana zaidi.

"Mzee, hawa wanane wamevaa kanzu sawasawa, lakini humo ndani kila mmoja ana vyake. Ndivyo tulivyosalimika na maradhi. Ugonjwa ukimweza huyu, unagonga mwamba kwa yule. Shida ni siku ukitafuta wa kufanana naye. Ng'ambo kuna orodha za watu waliojitolea, ila watu wenye asili yetu ni wachache. Tutaanza na dada zake. Kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana naye."

Yule mtoto wa kaka yangu akauliza, "Kwa hiyo sie tumekuja kunywa soda?"

"Hata soda sina, kaka."

Kwa wiki zile za kusubiri majibu nilimlisha mjukuu mkubwa maini na maziwa. Nilikuwa na hakika ni yeye. Mdogo sikumpelekea kitu. Siku moja, wakati binti yangu anaosha vyombo, nilimweleza habari ya dada yangu. Hakugeuka.

"Mama yangu aliniambia zamani, baba. Nilikuwa nasubiri uniambie wewe."

Majibu yalipotoka, mkubwa hakulingana hata kidogo. Mdogo alilingana kwa kila kitu.

"Lakini hawafanani," nikasema.

"Sura ni jambo jingine, mzee. Vinasaba hivi havionekani kwa macho."

Binti yangu alikaa chini sakafuni akicheka na kulia. Baba mkwe wake alikuwa kwenye benchi, amekuja kutoka Tabora kwa ajili ya siku ile. Nikakaa pembeni yake. Niliona haya kuliko nilivyowahi kuona.

"Mpagazi," nikamwambia, "naona mmetubebea mzigo tena."

Aligeuka kunitazama.

"Mzaramo anacheza ngoma, wanaochoka ni wapagazi," akasema. "Na huyo mvulana sasa atakuwa Mnyamwezi kuanzia mifupani. Ukitaka kumfukuza, mfukuze mapema."

"Siku ile ya msiba nilikukosea."

"Ubwabwa wangu bado naudai," akasema, akanivua kofia, akaivaa.

Kabla ya kupandikizwa, mvulana alipewa dawa kali, nywele zikapukutika, mdomo ukajaa vidonda. Mdogo alichomwa sindano za nyongani, kutolewa uloto, akiwa amelala usingizi wa dawa; alipozinduka aliomba chipsi mayai, nikaenda kumnunulia mimi mwenyewe, sahani nzima. Wiki nyingi mama yao alilala hospitali. Kisha damu mpya ikashika.

Mwaka na ushei baadaye madaktari walimruhusu kufanya alichokatazwa maisha yake yote: kuingia kwenye maji baridi, maana baridi ndiyo iliyomwamshia maumivu. Tulimpeleka Mbezi Beach asubuhi, upepo unavuma. Dada zake walimshika mikono, huku na huku, wakaingia naye mpaka shingoni. Alipotoka alikuwa anatetemeka, na sisi wakubwa tulisimama na mataulo, tukiyasubiri maumivu.

Alijifuta uso. Akatutazama mmoja mmoja.

"Mbona mnanishangaa? Nasikia njaa."

Akarudi tena majini kabla mihogo tuliyomwagizia haijaiva.