Kidole Gumba cha Afisa Mikopo

Afisa mikopo wetu hapa Kasulu ana sauti mbili. Ya kwanza ni ya sokoni, ya kuulizia bei ya maharage na kumtania kila anayeingia na matope ya njia ya Heru Juu. Ya pili huitoa akishaichapa taarifa yako ya mikopo: huishusha mpaka uiname, ili walio kwenye benchi wasisikie. Huweka rula chini ya mstari, akausoma, akaisogeza. "Huu wa pikipiki umemaliza. Huu je?" Rula haiendi mbele mpaka umejibu mwenyewe. Ukianza kujitetea, kama nilivyofanya mimi mwaka 2014 kwa miezi mitatu niliyochelewesha marejesho, hufungua droo na kutoa karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo, jina kalifunika kwa kidole gumba. "Mwalimu, mwone mwenzako. Miezi saba! Akaja, akapangiwa upya marejesho, akalipa yote. Leo anakopesheka." Walimu wengi tumeonyeshwa karatasi hiyo, na kwenye chai tunabishana ni ya nani. Wengi tunamshuku mkuu wa shule.

Siku hiyo niliyojitetea, simu yake ililia. Akainua mkono kuipokea, karatasi ikabaki wazi mezani. Nikalisoma jina, kisha nikalisoma tena kwenye beji ya kifuani mwake. Alipokata simu, akakirudisha kidole pale pale. "Tulikuwa mstari wa ngapi, Mwalimu?"

"Wa tatu, dada," nikasema, nikainama.

Kesho yake kwenye chai walimshuku tena mkuu wa shule. Mkuu anisamehe, nilinyamaza.