Wifi, Duka na Pesa ya Matumizi

Mke wa fundi alikuwa na wifi mmoja tu, na huyo mmoja alimtosha.

Fundi mwenyewe alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha, mtu mpole, maneno yake ya kuhesabu, na kasoro yake kubwa ni kwamba kila lililotoka mdomoni kwa dada yake aliliamini kama taarifa ya habari. Dada mtu alikuwa na duka la vyakula pale kona, hatua chache kutoka mlangoni kwao. Tangu wiki ya harusi ilishaamuliwa, bila mtu kumuuliza bibi harusi, kwamba kila kitakachoingia jikoni mle kitanunuliwa kwa dada. Miaka kumi na mitatu hiyo.

Kila asubuhi fundi aliacha pesa ya siku chini ya kikombe, akashika njia. Jioni mke akitoka kwa dobi, ambako kazi yake ilikuwa kupiga pasi, alipitia dukani na ile pesa: sukari robo, mafuta kipimo kimoja, unga nusu, kipande cha sabuni. Wifi alipima huku akipiga soga na mteja mwingine, kidole kimeegemea mzani kama kimechoka. Maharage ya juu ya gunia, yanayong'aa, yalikuwa ya watu baki, maana hao wanaweza kuhamia duka jingine. Ya chini, yenye vumbi na vijiwe, yalikuwa ya ndugu. Bei ile ile. Akishampimia humwongezea nyanya mbili zilizolainika, halafu atangaze watu wote wasikie kwamba wifi yake huyu bila nyongeza watoto wangelala njaa.

Hayo angeyameza, na mengi aliyameza. Kilichomkaa kooni ni kwamba huyo huyo anayempunja ndiye aliyekuwa akimwambia mdogo wake kuwa mkewe mkono unavuja, hata umpe pesa ya benki nzima haifiki Ijumaa.

Jumapili moja dada mtu alikuja, akavuta kiti kizuri, akasema amewaza sana na ameona njia. Kuanzia mwezi ujao fundi awe anamwachia yeye pesa yote ya matumizi pale dukani, na mke awe anakuja kila siku kupewa kinachostahili. Fundi alikuna kidevu, akasema si wazo baya. Mke alikuwa palepale anamenya viazi. Alijiona na miaka yake arobaini na mmoja, amesimama mbele ya meza ya duka, anaomba kitunguu. Anaulizwa kile cha jana kimekwenda wapi.

Hakupiga kelele. Aliweka kisu chini, akamwambia mumewe, "Nipe mwezi mmoja. Pesa yote mkononi mwangu siku ya mshahara, si ya siku moja moja. Ikiisha kabla mwezi haujaisha, mpe dada yako, na mimi sitafungua mdomo mpaka nizikwe."

Wifi ndiye aliyejibu. "Mpe tu. Tarehe kumi na tano utamwona kwangu na kapu lake."

Mke aliichukua tarehe hiyo akaiweka moyoni kama mtu anavyoweka panga chini ya godoro.

Siku ya mshahara alipokea pesa, na kesho yake asubuhi akaenda soko kubwa, ambako hakuwahi kununua hata pilipili. Akakuta maharage yanauzwa nusu ya bei ya wifi. Alinunua debe zima palepale, akarudi amejitwisha, anajiona mjanja wa wajanja. Akayabandika saa sita. Saa kumi na mbili jioni bado yanagonga sufuria kama kokoto. Mkaa wa siku tatu uliteketea siku hiyo, na watoto wakala viazi. Yalikuwa maharage ya zamani, yamekauka mpaka roho. Alikaa kwenye kigoda akiyatazama, akaanza kuhesabu siku zilizobaki kufika tarehe kumi na tano. Zilikuwa kumi na tatu. Pesa aliyoitupa ilikuwa ya siku tano.

Kesho yake kazini alipiga pasi kwa hasira mpaka akaunguza aproni. Mwenye aproni alikuwa mpishi wa bweni la shule, mama mnene, mikono kama ya mcheza mieleka, anayelisha midomo mia mbili kila siku kwa pesa ambayo wengine wangelishia arobaini. Alipoiona ile alama ya pasi aliuliza nani amekuudhi, mwanangu, maana nguo yangu haikukukosea. Mke wa fundi akaeleza yote, kuanzia kidole cha kwenye mzani mpaka kokoto za jana. Mpishi alisikiliza, akauliza swali moja tu.

"Uliyang'ata?"

"Niyang'ate nini?"

"Maharage. Kabla hujalipa unachukua moja, unaling'ata. Jino likiacha alama, ni mapya. Likikataa, mwachie mwenyewe akajengee nyumba."

Wiki ile mpishi alimchukua mara mbili kwenye safari zake za sokoni. Alimfundisha kwanza kufungua kabati na kuangalia kilichomo kabla ya kutoka, maana wengi wananunua chumvi wakati chumvi imejaa nyumbani. Alimfundisha kufika baada ya saa kumi, wauzaji wa mboga wanapokunja maturubai na hawataki kubeba mzigo kurudi nao. Kuingiza mkono mpaka chini ya gunia, si kudanganywa na uso wake. Kutokwenda na njaa, kwa sababu tumbo lenye njaa linanunua kwa macho. Na yale maharage ya kokoto, akamwambia ayaloweke usiku kucha, ayasage, ayapike mchuzi mzito wenye vitunguu. Watoto walikula wakauliza kama kesho kutakuwa na mengine.

Lililomuuma zaidi lilikuwa la mafuta. Mpishi alimpigia hesabu kwa kidole juu ya gunia la unga: vile vipimo vya kila siku, kwa mwezi, ni bei ya madumu mawili. Yeye alikuwa anapata moja. Dumu la pili lilikuwa linabaki kwa wifi kila mwezi, miaka kumi na mitatu. Njia nzima ya kurudi mke wa fundi alikuwa anayapanga hayo madumu kichwani, moja juu ya jingine, na kila alipofika juu alimwona wifi amekaa.

Tangu siku hiyo hakukanyaga duka la kona. Wifi aliliona hilo mapema, si kipofu. Lakini angemwambiaje mdogo wake kwamba mkewe hanunui tena pale, wakati sababu yote ya kutaka kushika pesa ni kwamba anaona kwa macho yake inavyotapanywa pale pale dukani? Basi akaamua kuendelea kuona. Kila jioni fundi akipita kusalimu, anapewa habari.

Naye fundi akifika nyumbani anazitua mezani. Dada anasema leo umechukua soda nne. Dada anasema jana ulibeba biskuti za boksi. Mke anaendelea kuchambua mchele.

"Kasema hivyo?"

"Ndivyo alivyosema."

"Basi sawa."

Mara ya kwanza ulimi ulimwasha kweli. Angeweza kujibu, na fundi angemwendea dada yake, na dada angesema labda alichanganya na mteja mwingine, na mambo yangeishia hapo, yamelainishwa kama yanavyolainishwa kila siku. Hakutaka yalainike. Alitaka wifi aendelee kusema, azidi kusema, ajae. Ikafika tarehe kumi na tano ikapita, na kabati lina unga. Akaanza kulala usingizi mzuri.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi alimwamsha mumewe alfajiri. Akamwambia kuna mzigo mzito sokoni na mgongo wake haumruhusu. Fundi alilalamika kwamba siku ya kupumzika ni siku ya kupumzika, kisha akavaa kofia akaishusha mpaka kwenye nyusi, asionekane na wenzake wa karakana akisukuma mkokoteni wa viazi. Walizunguka soko kutoka jua linachomoza mpaka karibu na saa sita. Fundi alimwona mkewe anang'ata maharage, anakataa, anang'ata mengine, anaondoka, anaitwa arudi. Alimwona muuza mchele anaondoa jiwe dogo chini ya sahani ya mzani kabla hata hajaambiwa. Alimtazama kama mtu aliyeonyeshwa chumba katika nyumba yake ambacho hakujua kipo. Walipokaribia nyumbani, mkokoteni umejaa, yeye mwenyewe ndiye aliyesema wapite njia ya nyuma, dada asione akajisikia vibaya.

"Kwangu hatasikia," mke akasema.

Jumapili wifi alifika amevaa vizuri, na mkoba mpya wa kuwekea pesa. Alikaa, akashukuru maji aliyopewa, akaanza. Mwezi umeisha, na yeye hakutaka kusema, lakini damu ni damu. Jana tu, Jumamosi, saa tatu asubuhi, huyu kaja kuchukua siagi kopo kubwa na maziwa mawili. Kwa mwendo huu nyumba itasimama?

Fundi alikuwa anajikanda bega, lilikuwa bado linamuuma. Mkono ukasimama.

"Saa tatu, dada?"

"Saa tatu. Nimemfungia kwa mikono yangu hii."

Hapo mke angeweza kumhurumia. Nafasi ilikuwepo, pana kabisa. Badala yake alisogeza kiti karibu, akauliza kwa sauti ya upole ambayo wifi hakuwahi kuisikia, "Nilikuwa nimevaa nini, wifi?"

"Gauni lako lile la bluu," wifi akasema bila kupepesa. "Na hata hukusalimu."

"Saa tatu jana nilikuwa sokoni nasukuma mkokoteni," fundi akasema. "Na huyu alikuwa mbele yangu ananikemea niangalie mashimo. Tumerudi saa sita."

Wifi alisema basi itakuwa juzi. Mke aliinuka, akafungua kabati lote, milango miwili, akaiacha wazi: mchele, unga, dumu la mafuta, maharage. Akasema hivi vyote ni vya pesa ile ile ya mwezi, na hakuna punje iliyotoka kona. Wifi, maana mfa maji huyu alikuwa bado anatapatapa, akasema kama pesa inabaki, si mdogo wake ampunguzie mkewe. Fundi alitia mkono mfukoni, akatoa bahasha ya mshahara mpya, akampa mkewe mbele ya ule mkoba mpya uliofunguliwa nusu.

Mke alizihesabu palepale, noti moja moja, polepole. Alipomaliza alianza tena mwanzo, ingawa hakukosea mara ya kwanza.

Jumamosi iliyofuata walikwenda sokoni wanawake sita wa mtaa ule, wamechanga, kila mmoja na kapu lake, na wote sita walikuwa wateja wa kona. Fundi alisukuma mkokoteni. Kofia alinyimwa. Wakati wa kurudi alielekea njia ya nyuma kama mwanzo, mkewe akamwambia hapana, leo tunapita mbele. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, duka tupu nyuma yake. Walipofika usawa wake, mke wa fundi aliwasimamisha wote, akainama, akaanza kufungua na kufunga upya kamba ya gunia ambayo haikuwa imelegea hata kidogo, na hakuwa na haraka.