Masika Atandika Mkeka Dukani kwa Watu wa Internet

Nitawaandikia jambo, na mtasema mjomba wenu, Tonton Jean-Pierre, amekunywa tena. Semeni. Mimi nilikuwa pale, ninyi mlikuwa wapi?

Mnamjua Masika Sidonie, yule anayehudumia wagonjwa hospitali kule Woluwe? Tunakaa jengo moja hapa Laeken, huku ughaibuni, yeye chini, mimi juu yake. Baba yake alifariki kule nyumbani, Butembo, na kusafiri kukashindikana. Jumamosi ile ilikuwa siku ya kuondoa matanga. Na kwao, mzaliwa wa kwanza asiposema neno la kumuaga marehemu, hakuna muntu anagusa sahani. Wa kwanza ni Masika, jina lenyewe linasema: kwao ndilo la binti wa kwanza. Watu themanini na mbuzi watatu wangengoja mdomo wake.

Bon, na internet ya nyumba ilikuwa imekufa trois semaines, wiki tatu nzima. Mimi nilijua kabla yake, maana niliyokuwa natumia ni hiyo hiyo yake, inapanda kwangu bila kuombwa. Simu? Ndani ya kuta zetu nene, simu haishiki hata salamu.

Kampuni ikaahidi fundi Jumanne. Masika akaomba ruhusa kazini, akaweka kiti nje, mlangoni kabisa pa jengo, na beseni la maharage ya kuchambua. Saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Yake yakaisha, akachambua na yangu. Ndipo ujumbe ukaingia: fundi wetu amefika, hukuwepo nyumbani.

"Tonton, mi niko wapi?"

"Uko hapa, maman, umekalia kiti."

"Alors uambie bale batu. Banasema siko!"

Nikapiga mwenyewe, kwa Kifaransa changu kinachopasua sahani. Muziki dakika arobaini, kisha sauti tamu: miadi mpya ni baada ya siku kumi na mbili.

Jumamosi Masika akafunga kitenge cheusi, akabeba mkeka begani na modemu kwapani.

"Ukiogopa, Tonton, baki."

Mimi, kuogopa? Nilichelewa tu kupata kiatu.

Dukani kwa kampuni, chini ya televisheni pana kama ukuta, akatandika mkeka, akavua viatu, akaketi. Muuzaji mwenye tai, kibao cha kifuani kinasema Jérôme, akaja mbio.

"Madame, hapa hatukai chini."

"Kwa matanga tunakaa chini. Na pale juu mumeandika internet yenu haikatiki. Bon, nionyeshe."

Wateja wote wakageuka. Angefanya nini, maskini? Akaunganisha simu ya Masika na ile televisheni, jasho linamtoka. Mara Butembo ikajaa ukutani: wajomba, turubai, masufuria, na katikati mama yake Masika.

"Mutoto wangu, nyumba yako imekuwa kubwa hivi?"

"Si yangu, mama. Ni ya bale walinifungia mulango."

"Na ule muzungu anasimama juu ya wafiwa, ni nani? Aikale chini!"

Jérôme hajui Kiswahili, lakini kidole cha bibi yule hakikuhitaji mkalimani. Akaketi ukingoni mwa mkeka, tai na yote.

Masika akasema: "Baba hakunifundisha kuomba mulangoni pa muntu. Alinifundisha kuingia na kusalimia. Leo nimeingia, baba. Lala. Na ninyi kule, mukule."

Kule Butembo wimbo ukapanda, sahani zikaanza kulia. Masika hakuinuka. "Sasa tuongee fundi," akasema, na Jérôme akaandika Jumatatu mbele ya macho yake, na namba yake mwenyewe juu.

Ndipo polisi walipoingia, kumi na wawili, na farasi wao, nami nikasimama mlangoni, nikapanua mikono, nikawaambia kwa sauti kubwa, hapa hamtapita ila juu ya...

"Tonton!" Masika huyu hapa, anasoma ninayoandika, juu ya bega langu. "Farasi gani? Si ulikuwa nyuma ya mashine ya kahawa, unajaza kikombe cha nne?"