Soseji za Bi Zuhura na Swali Ambalo Sikuuliza

Cheka kwanza, ukimaliza tuelewane: natengeneza soseji hapa Dodoma, na sibabaishi mtu. Bi Zuhura wa Kondoa alipokuja kuonja kabla ya kuagiza za harusi ya bintiye, nilimpa shikamoo, nikamhesabia viungo kwa vidole.

"Nyama ya ng'ombe aliyechinjwa kihalali, mafuta yake mwenyewe, chumvi, pilipili manga, kitunguu saumu. Basi!"

"Una hakika, mwanangu? Wageni wangu ni watu wa dini."

Nikahesabu upya. Vitano vilevile. Nani mwingine mjini hapa anahesabu mara mbili?

Bi Zuhura akachoma kipande kwa uma. Hapo akaingia Mama Neema, anayeniuzia utumbo mwembamba wa kujazia nyama. Wiki iliyopita nilivutana naye bei asubuhi nzima mpaka akaniachia kwa nusu. Utumbo wa mnyama gani, sikuuliza. Ukishamshinda mtu bei namna ile, humchokozi kwa maswali.

"Kaka bahili, nimekuletea mwingine," akasema, akitua ndoo. "Ulilalamika ule wa wiki iliyopita unapasuka. Nguruwe wa leo alikuwa mkubwa, wake haupasuki ng'o!"

Uma ulikuwa umefika mdomoni. Bi Zuhura akaurudisha sahanini, akasimama, akajifunga mtandio.

"Harusini tutakula samaki wa bwawa la Mtera."

Nikakaza shingo. "Bi Zuhura, nyama niliyokwambia ni ng'ombe kweli!"

"Ng'ombe, ndiyo," akanijibu mlangoni. "Lakini umemvalisha nini?"