Skurubu ya Nyuma

Afande aliponiambia niandike kwa nini mzee anakosa shabaha, nilipaswa kuweka kalamu chini na kusema sijui. Sikusema. Niliandika kwamba ni macho, nikapiga muhuri.

Mzee huyo alikuwa adeer wangu, ndugu mdogo wa baba. Baba alipofariki yeye ndiye aliyenilea, na ndiye aliyenipeleka sekondari huku wenzake wakimcheka kwamba anapoteza mchunga ngamia mzuri. Nilipomaliza shule niliajiriwa ukarani katika ofisi ya wanyamapori hapa Garissa. Yeye alikuwa mpiga mamba wetu, pale kina mama walipoteka maji ya Tana. Ilikuwa miaka ya vita vya shifta, waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga na Kenya, na Msomali kubeba bunduki ya serikali lilikuwa jambo la mashaka. Lakini kwa kazi ile alikuwa na kibali cha kuishi nje na ngamia wake, wakati jamaa zetu wengi walikuwa wameshahamishiwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa seng'enge.

Kwa miaka miwili hakuwa mtu wa kukosa. Kisha, ndani ya wiki moja, akakosa mamba watatu.

"Mzee," afande, mkuu wa ofisi yetu, alimwambia, "mamba mkubwa vile, hata mimi ningempiga kwa jiwe."

"Basi biga, afande. Jiwe iko mingi." Kiswahili cha adeer kilikuwa hivyo. "Hii darubini nasema urongo. Toa yeye, nibige bila yeye."

Darubini yenyewe ilikuwa fupi, imekaa juu ya bunduki, imeshikwa na pete mbili za chuma. Afande alinikabidhi niipime kwa kuwa nilikuwa nimesoma fizikia. Tukasimamisha ubao wa kasha la chai umbali wa hatua mia moja. Adeer akapiga risasi tano: mbili kushoto, moja juu, moja chini, na ya tano hatukuona ilikokwenda. Nami nikachungulia kiooni. Msalaba ulikuwa katikati, picha safi; niliona hadi miiba ya mgunga ng'ambo ya mto. Nikatangaza kwamba darubini ni nzima. Hayo ndiyo yaliyokuwa maarifa yangu: kioo kikionyesha vizuri, basi kinasema kweli. Kumbe darubini inaweza kuonyesha vizuri kabisa na bado ikawa inatazama upande mmoja, bunduki upande mwingine. Ombi lake la kuiondoa na kupiga bila hiyo lingemaliza ubishi kwa risasi tatu. Niliona ni maneno ya mtu asiyesoma.

Afande akaniita kando. "Karani, kuna mambo matatu tu. Bunduki mbovu, macho mabovu, au moyo mbaya. Bunduki umesema ni nzima. Nichagulie."

Moyo mbaya maana yake ni kwamba anakosa makusudi, na risasi anawawekea watu wa msituni. Siku zile watu walipotelea kwenye shutuma kama hiyo. Nikachagua macho. Nilijiambia ninamwokoa, na nusu yangu iliamini kweli kwamba haoni.

Alasiri nilimkuta ameketi karibu na kivuko.

"Imeandikwa sioni?"

"Ndiyo, adeer."

"Na wewe, adeer, ndiye uliyepima?" Kwetu ami na mtoto wa nduguye huitana kwa neno hilohilo moja.

"Ndiyo."

Alifumba jicho moja akautazama mto, akafumba la pili akautazama tena. "Wallahi, mimi nilidhani naona," akasema kwa upole, kana kwamba anaomba radhi.

Alirudisha bunduki na kibali. Yeye na mkewe wakaingia ndani ya seng'enge. Ngamia wakaachiwa watu wengine wawachunge, na vita vilipokwisha hakurudi hata mmoja.

Wiki tatu baada ya kuondoka kwake, askari kijana aliyepewa bunduki ile naye akaanza kukosa. Hapo ndipo nilipoanza kupima kama mtu mwenye akili. Nilichukua wino wa chuo cha Kurani, ule wa masizi na gundi, nikachora mstari mwembamba kutoka kichwa cha kila skurubu hadi kwenye pete. Askari akapiga tatu. Mistari yote ilikuwa mizima isipokuwa wa skurubu ya nyuma. Ulikuwa umekatika, skurubu imezunguka. Kila risasi iliilegeza kidogo na darubini ikahama. Niliikaza kwa bisibisi, tukarekebisha shabaha, na matundu matatu yaliyofuata ningeyafunika kwa kiganja.

Sikuandika barua ya pili. Ingebidi niseme ya kwanza ilikuwa na makosa, na niliogopa nitaulizwa kwa nini namtetea Msomali mwenzangu.

Siku moja nilikwenda kumtembelea nikiwa nimechomwa na mwiba kisiginoni. Kibandani mwake mlikuwa na mwanga hafifu. Aliupakata mguu wangu, akautoa mwiba kwa sindano mara moja tu, mwembamba kama unywele, akanionyesha. Kisha akanyoosha mkono. "Adeer, nitoe nje, nisijikwae, maana sioni." Nikamshika, nikamwongoza hadi mlangoni polepole, na habari ya skurubu sikumwambia.

Nilimwambia miaka mingi baadaye, seng'enge zimeshaondolewa, tukinywa chai nyumbani kwake.

"Skurubu?"

"Ndiyo, adeer. Ya nyuma."

"Ulijua lini?"

"Mwezi uleule."

Aliniangalia usoni, akaniambia nimalize chai yangu niende.

Aliishi miaka tisa zaidi katika mtaa wa Galbet hapa Garissa, mwendo mfupi kutoka kwangu. Msikitini alijibu salamu yangu kama alivyojibu ya kila mtu, lakini nyumbani kwake sikukaribishwa tena. Alipofariki alikuwa ameacha wasia kwamba nisiwe miongoni mwa watakaoshuka kaburini kumpokea. Nilisimama nyuma ya watu, nikatazama wengine wakimlaza baba pekee niliyebaki naye.