Gari Lililonyweshwa kwa Kijiko

Mtaa mzima ulimwita Dokta, ingawa udokta wenyewe aliuokota dirishani. Miaka thelathini na mmoja alikaa nyuma ya kidirisha cha famasi ya hospitali, akihesabu vidonge kwa kisu butu na kumimina dawa za maji kwenye vichupa. Kazi yake ilikuwa kusoma cheti kilichoandikwa na mtu mwingine, kupima, kubandika lebo na kupaza sauti, "Anayefuata!" Mgonjwa hakuwahi kumgusa hata ukucha. Alipostaafu aliondoka na koti jeupe, kijiko cha kupimia, na imani kwamba hakuna maradhi duniani yasiyosikia mchanganyiko.

Mgonjwa alimpata bandani kwake mwenyewe: gari dogo la kijani, kuukuu, linalotoa moshi wa buluu nyuma na matone meusi chini. Fundi wa gereji ya kona, ambaye wote walimwita Spana, aliliinamia mara moja tu akajua.

"Dokta, ringi za pistoni zimechoka na sili ya kuzuia oili inavuja. Tushushe injini."

Dokta alicheka kwa pua. Kushusha injini kwake kulikuwa upasuaji, na upasuaji ni kazi ya watu wasiojua dawa.

Basi akaanza kutibu. Kwenye rafu ya banda alipanga vichupa kumi na kimoja vya kahawia, vile vya dawa ya kifua, akavijaza mabaki ya oili aliyoyakusanya kwa kupindua makopo matupu ya gereji na kuyasubiri yachuruzike mchana kutwa. Kila kichupa kilikuwa na lebo, kwa mwandiko mzuri kuliko wa madaktari wote aliowahi kuwasomea: *Nzito, namba hamsini. Kwa injini inayogonga.* *Nyepesi, namba ishirini. Kwa uvivu wa kuwaka.* *Nzito na nyepesi nusu kwa nusu. Kabla ya mlima. Tikisa kwanza.* Asubuhi alivaa koti, akafungua boneti, akamimina vijiko viwili. Mchana viwili. Jioni viwili. Kutwa mara tatu, wala hakuzidisha hata tone, maana dozi ikizidi ni sumu, alisema, na alisema hivyo kwa kila aliyekosea njia akapita karibu na banda.

Spana alivumilia mpaka akachoka. "Mzee wangu, kuchanganya namba mbili za oili si dhambi. Nzito ukiitia nyepesi unapata ya katikati, gari litakwenda. Mimi nauliza kimoja tu: imo kiasi gani?" Akanyoosha mkono kuchomoa ile stiki ya kupimia oili.

Dokta alimpiga kibao cha mkono kama mtoto aliyegusa sufuria. "Mgonjwa wangu hachunguliwi na kila mpita njia!"

Siku hiyohiyo aliichomoa stiki mwenyewe, akaifuta vizuri, akaichomeka mfukoni mwa koti kifuani, nusu nzima ikiwa nje kama antena, pembeni ya kalamu zake. Tundu akaliziba kwa kitambaa. Wiki mbili baadaye, taa nyekundu ya oili ilipoanza kuwaka mbele ya usukani, alitoa balbu. Ilikuwa inamtia mgonjwa wasiwasi.

Aliyeumia na tiba hii ni mkewe. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na vyerehani vyake vitatu vilikaa sebuleni kama wageni wasioaga. Wateja walijaribu magauni nyuma ya friji. Bi harusi mmoja alipimwa kiuno akiwa ameshikilia mguu wa meza asiangukie ndoo.

"Baba watoto," alisema Alhamisi moja, pini tatu mdomoni, "lile banda lina dirisha. Lina taa. Lina sakafu ya saruji. Na ndani yake amelala bwana mkubwa mwenye magurudumu."

"Yuko kwenye matibabu."

"Mwaka wa sita! Sikiliza. Mama anafika stendi Jumamosi saa sita. Mlete kwa gari lako mpaka hapa getini. Likifika linanguruma, banda silitaji tena mpaka nazikwa. Likizimika, Jumatatu naingiza vyerehani."

"Andaa chakula cha mama yako," alijibu Dokta. "Hilo jingine niachie mtaalamu."

Jumamosi alitengeneza dozi maalumu: oili nzito ya giaboksi, akailainisha kwa oili ya cherehani aliyoiiba kwenye droo ya mkewe. Vijiko vitatu badala ya viwili. Heshima ya mkwe.

Mama mkwe alishuka kwenye basi na masanduku mawili. Alikuwa amesimamia jiko la shule ya bweni nusu ya umri wake, na alikuwa na pua ya kazi hiyo. Hawakufika mbali.

"Baba, kinachogonga ni nini?"

"Kikohozi, mama. Kinalainika."

"Kinalainika huku kinapanda?"

Gereji ya Spana ikapita kushoto, mlima wa nyumbani ukaanza. Katikati ya mlima kikohozi kikawa nyundo, nyundo ikawa mlio mmoja mrefu wa chuma kinachosagana, kisha kimya. Moshi ukapanda taratibu kutoka kwenye boneti. Mama mkwe alinusa mara mbili.

"Harufu hii naijua. Hili ni sufuria lililokaukia jikoni."

"Haiwezekani, mama. Limekunywa asubuhi hii!"

Spana alipanda mlima bila haraka, akijifuta mikono. "Dokta, niazime hiyo kalamu yako ndefu." Akaichomoa stiki kifuani mwa mwenyewe, akang'oa kitambaa, akaitumbukiza, akaitoa. Ilitoka kavu kama ilivyoingia.

Dokta aliikodolea macho stiki. "Niambie ukweli. Nyepesi ilizidi, au nzito?"

"Mzee, hujachanganya chochote. Humu hamna kitu. Injini inabeba lita nne, wewe unailambisha vijiko, yenyewe inavujisha vikombe. Imenoki. Imekwisha."

Mama mkwe aliketi juu ya sanduku, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamteleza.

Majirani walilisukuma gari mpaka juu, wakitukana kwa zamu. Mkewe alikuwa amesimama getini, mikono kiunoni. Dokta, akihema nyuma ya usukani, alijaribu bahati ya mwisho. "Limefika, mama watoto. Unaliona mwenyewe."

Mkewe alitega sikio kwa adabu. "Linanguruma?"

Yalisikika masanduku ya mama mkwe tu, yakiburutwa kuingia ndani.

Jumatatu saa mbili asubuhi vyerehani vitatu vilikuwa dirishani pa banda, vichupa kumi na kimoja vikiwa ndani ya boksi nje, karibu na gari lililofunikwa turubai. Wateja walipanga foleni mpaka barazani. Dokta alijipenyeza katikati yao, koti jeupe limepigwa pasi, kijiko mkononi.

"Mama watoto, hicho cha katikati nakisikia kinakohoa. Ukikipa nzito kidogo, halafu nyepesi..."

Mkewe hakutoa mguu kwenye pedali. Alichungulia juu ya bega la mumewe, akapaza sauti kwa foleni:

"Anayefuata!"